Kujiandaa na usaili wa kazi ukiwa na ujauzito unaoonekana

Mwanamke mwenye ujauzito wa miezi sita au saba anapoingia katika chumba cha usaili, wajumbe wa jopo hulitazama tumbo lake kabla hawajafungua faili lake, na kuanzia dakika hiyo kuna swali moja ambalo karibu kila mmoja wao analo hata kama hakuna atakayelitamka: mtoto akizaliwa, kazi hii itafanywa na nani, na je, huyu mama atarudi? Nimekaa miaka mingi upande wa wanaouliza, kwanza Iringa na baadaye Mbeya, nikiwa afisa utumishi, na kabla ya hapo nilikaa upande wa wanaoulizwa nikiwa na ujauzito wa miezi saba. Nimeona dada wenye uwezo mkubwa wakiikosa kazi kwa sababu walitoka chumbani bila kuligusa swali hilo, wakaliacha jopo lijijibu lenyewe, na jopo likijijibu lenyewe hujijibu kwa hofu. Maandalizi ninayoyaeleza hapa yanalenga kwanza kulijibu swali hilo kwa tarehe na kwa maneno machache, ili muda wote uliobaki utumike kuzungumzia kazi.

Anza na kadi ya kliniki na kalenda

Kabla hujapiga gauni pasi wala kutafuta nauli, kaa chini na kadi yako ya kliniki, kalenda na karatasi. Andika tarehe inayotarajiwa ya kujifungua kama muuguzi alivyoijaza, kisha andika tarehe ambayo mwajiri anataka mtu aanze kazi. Kama tangazo halikuitaja, kadiria. Tuchukue mfano wa dada aliyeitwa kwenye usaili tarehe 10 Juni, anayetarajia kujifungua tarehe 20 Septemba, na ambaye akichaguliwa ataanza kazi tarehe 1 Julai.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyakazi kuanza likizo ya uzazi wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, na mapema zaidi kama daktari atathibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inahitaji hivyo. Kwa dada wa mfano wetu, wiki 4 hizo zinaanza tarehe 23 Agosti. Likizo yenyewe ni siku 84, au siku 100 kama watazaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Akianza tarehe 23 Agosti, siku ya 84 ni tarehe 14 Novemba. Akiwa na afya njema na akaamua kubaki kazini hadi wiki moja kabla, yaani aanze likizo tarehe 13 Septemba, siku ya 84 ni tarehe 5 Desemba, na atakuwa ameshafanya kazi kwa zaidi ya wiki 10. Katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua hatakiwi kufanya kazi kabisa, isipokuwa daktari athibitishe kwamba yuko sawa kufanya hivyo. Andika tarehe hizi zote katika karatasi moja na uzisome hadi uzijue kama unavyozijua namba zako za simu, kwa sababu mjumbe wa jopo anayesikia tarehe kamili hutulia kwa namna ambayo hatulii akiambiwa tu, "Nitajitahidi."

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, na ni heri ulijue ukiwa bado nyumbani. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita ya utumishi hana haki ya likizo yenye malipo. Dada wetu aliyeanza tarehe 1 Julai anatimiza miezi sita mwishoni mwa Desemba, wakati likizo yake imeshapita. Atapumzika, lakini hawezi kudai kwa nguvu ya sheria kwamba alipwe mshahara katika siku hizo 84. Mwajiri anaweza kumlipa kwa hiari yake au kwa mkataba, kwani sheria huweka kiwango cha chini tu, na wapo waajiri wanaofanya hivyo. Ila jambo hilo huzungumzwa baada ya kupewa kazi na kabla ya kutia saini, si ndani ya usaili. Kwa hiyo pembeni ya zile tarehe andika pia hesabu ya nyumbani: miezi mitatu bila mshahara italiwa nini, kodi italipwa na nani, na kama kuna kikoba au shamba la viazi litakalosaidia. Aliyeitwa na taasisi ya serikali aulize utaratibu wa likizo kwa afisa utumishi wa taasisi hiyo, kwa kuwa watumishi wa umma wana kanuni zao.

Sheria inakulinda hadi wapi

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu kadhaa zilizotajwa kwa majina, na ujauzito ni mojawapo. Hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia yametajwa pia. Kifungu hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa sawa na mfanyakazi, na kinagusa matangazo ya kazi, vigezo vya kuchagua na utaratibu mzima wa kuajiri. Kwa hiyo ulinzi wako unaanza kabla hujapewa mkataba. Mwombaji akionyesha mazingira yanayoashiria kwamba alibaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria haimlazimishi mtu yeyote kukuajiri kwa sababu una mimba. Inachodai ni kwamba mimba isiwe sababu ya kukunyima.

Nayasema haya kwa uchungu fulani. Siku ile nilipokwenda kwenye usaili nikiwa na miezi saba, katika ofisi ambayo sitaitaja, mwenyekiti wa jopo alifunga faili langu kabla ya swali la tatu, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, nenda ukajifungue salama, tutakuita." Nilishukuru, nikatoka. Hawakuniita, na nilikaa mwaka mzima nikiamini kwamba nilikuwa nimetendewa wema. Kama ungekuwa leo ningejibu, "Asante sana mzee, lakini niko tayari kufanya kazi kuanzia tarehe mliyoitangaza, naomba tuendelee na maswali," na ningelisema hilo bila kupandisha sauti.

Yapo pia mambo ambayo sheria inayasema kuhusu kazi yenyewe, na yanawahusu sana wanaoomba kazi katika mikoa yetu. Mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na panapowezekana anatakiwa ampangie kazi nyingine inayofaa kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Mjamzito haruhusiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Mama anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Kama unaomba kazi ya ugani katika mashamba ya parachichi ya Rungwe au Njombe, ambako viuatilifu hupulizwa, au kazi ya afisa mikopo anayezunguka vijijini kwa pikipiki, au kazi ya zamu katika kiwanda cha chai Mufindi, usisubiri jopo liibue hoja hiyo. Sema mwenyewe ni shughuli zipi utazifanya tangu siku ya kwanza, kama vile kumbukumbu, mafunzo ya vikundi na ufuatiliaji kwa simu, na ni zipi utazichukua ukirudi.

Jibu la dakika moja

Katika usaili mwingi mwanzoni huombwa kujieleza kwa ufupi. Wengine hushauri kwamba suala la ujauzito liachwe mpaka mwisho, au lisitajwe kabisa mpaka ulizwe. Kwa kuwa tumbo linaonekana, mimi sikubaliani nao. Wajumbe hujaza alama swali kwa swali, na mjumbe ambaye akili yake iko kwenye tumbo hasikii vizuri jibu lako kuhusu mizania ya hesabu au huduma kwa mteja. Litaje mwishoni mwa kujieleza kwako, mara moja, kwa sentensi tatu au nne, kisha urudi kwenye kazi. Dada wa mfano wetu angeweza kusema hivi:

"Waheshimiwa wajumbe, kama mnavyoniona, mimi ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe 20 Septemba. Nikianza tarehe 1 Julai, nitafanya kazi kwa wiki 10 kabla ya likizo, na nitarudi wiki ya kwanza ya Desemba. Katika wiki hizo 10 nitaandika utaratibu wa kila kazi yangu ili atakayenishikia asilazimike kuanza upya. Baada ya hayo, naomba nieleze uzoefu wangu katika hesabu za ushirika."

Hakuna msamaha ulioombwa katika maneno hayo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Usianze kwa "samahani" wala "bahati mbaya", kwa sababu hakuna kosa lililotendeka, na mtoto hastahili kutambulishwa kwa mara ya kwanza mbele ya wageni kama bahati mbaya. Usiahidi pia usichokiweza. Nimewahi kumsikia msailiwa akiapa kwamba atarudi kazini wiki 2 baada ya kujifungua. Jopo halikumwamini, na baada ya hapo halikuamini mengine aliyoyasema, hata yale yaliyokuwa kweli.

Wapo wajumbe wazee, wenye nia njema, watakaokuuliza kama mzazi anavyomuuliza mwanawe. Mama wa makamo akikuambia, "Binti yangu, huoni ungejifungua kwanza ndipo utafute kazi?" mjibu kwa heshima ile ile: "Asante mama kwa kunijali. Nimelipima jambo hilo na wauguzi wa kliniki na watu wa nyumbani, na niko tayari kuanza." Akiuliza nani atakaa na mtoto, unaweza kulijibu kwa sentensi moja kama una jibu zuri, kwa mfano kwamba mama mdogo anayeishi Uyole amekubali kubaki naye, ila fahamu kwamba mwanaume aliyeketi kwenye foleni nyuma yako hataulizwa swali hilo, na huna deni la kulieleza kwa kirefu. Swali la baba wa mtoto, au la kama umeolewa, halihusiani na kazi. Jibu langu kwa swali hilo ni moja: "Mambo ya nyumbani yana mpango wake, mzee. Naomba nieleze nitakavyoifanya kazi hii." Ukilisema kwa utulivu na kwa uso mkunjufu, wajumbe wengine huwa wa kwanza kumrudisha mwenzao kwenye mstari.

Jizoeze majibu haya kwa sauti, mbele ya mtu, mara tatu au nne. Mtoto akishapanda juu, pumzi hupungua, na sentensi uliyozoea kuimaliza kwa pumzi moja sasa hukatika katikati. Ukifanya mazoezi utajua mapema wapi pa kutua. Mwombe dada au jirani akuulize maswali ukiwa umeketi kwenye kiti kigumu, mgongo umenyooka na miguu yote miwili sakafuni, na akueleze kama mikono yako inaenda tumboni kila unapofikiri. Si vibaya kuligusa tumbo, lakini mikono inayolishika muda wote huwavuta wajumbe waliangalie wao pia. Fanya mazoezi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana jopo laweza kubadili lugha katikati bila kukuonya.

Vyeti na majina

Hapa sitakaa sana. Katika usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, msailiwa hutakiwa kuja na vyeti halisi kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha chuo, pamoja na kitambulisho kinachotambulika, na hati za matokeo haziwi mbadala wa vyeti. Jambo linalowakwamisha wanawake zaidi ya wanaume ni jina. Kama cheti cha kidato cha nne kina jina la baba na kitambulisho kina jina la mume, tafuta mapema hati ya kisheria ya kubadili jina, kwa kuwa kuna wasailiwa wanaorudishwa mlangoni kwa tofauti hiyo tu. Msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi, na usaili wa mchujo na ule wa mahojiano unaweza kuwa wa siku tofauti, kwa hiyo hesabu ya fedha iwe ya siku mbili au tatu. Kadi ya kliniki ifunge katika bahasha yake, uwe nayo popote uendapo, lakini isiwe ndani ya faili utakalowapa wajumbe.

Mavazi

Gauni la kitenge lililoshonwa na fundi kwa kipimo cha tumbo la sasa, likiwa limeachiwa nafasi kidogo ya kukua, linafaa kuliko suti ya kuazima inayofungwa kwa pini. Lifike chini ya magoti hata ukiwa umeketi, kwa sababu tumbo hulivuta gauni juu mbele, na hilo hulioni ukiwa umesimama mbele ya kioo. Fundi mzoefu huongeza inchi mbili upande wa mbele ili pindo likae sawa. Mwambie, na lijaribu ukiwa umeketi. Juni na Julai asubuhi za Mbeya, Njombe na Mafinga zina baridi kali, hivyo beba sweta au koti jepesi la rangi iliyotulia, lakini ukiingia chumbani usilitumie kufichia tumbo. Viatu viwe vya chini na vyenye nafasi, maana miguu hufura, na viatu vilivyokutosha juzi vinaweza kukubana baada ya safari ya saa nne.

Nina dada mmoja ninayemkumbuka katika jambo hili. Aliingia na faili kubwa la bluu, akaketi, akalisimamisha tumboni kama ngao, na hakuliweka chini mpaka mwisho. Ili faili lisianguke alilazimika kuinua mikono; ili alishike vizuri aliinamisha kidevu; na kila alipozungumza sauti iliishia ndani ya karatasi. Mjumbe wa upande wa kushoto alimwomba arudie majibu mara tatu, kisha akaacha kuomba. Tulipojumlisha alama, alikuwa amepungukiwa hasa katika kipengele cha kujieleza, na mimi nilijua kwamba aliyoyajua yalizidi hayo tuliyoyasikia. Faili liweke mezani, au sakafuni kando ya kiti, tangu dakika ya kwanza.

Safari na siku yenyewe

Fika mjini siku moja kabla, hata kama unatoka karibu. Anayetoka Kyela au Tukuyu anapanda na kushuka milima ya Rungwe, anayetoka Tunduma anaweza kukwama nyuma ya msururu wa malori, na anayekuja Iringa kutoka Morogoro anapita kona za Kitonga ambazo humchafua tumbo hata asiye mjamzito. Keti mbele ya basi, karibu na dirisha linalofunguka. Mkanda wa kiti ufunge chini ya tumbo, juu ya nyonga, kamwe usipite katikati ya tumbo. Ule wa begani upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Basi linaposimama, shuka utembee kidogo na unywe maji. Wajawazito wengi hujizuia kunywa kwa kuogopa kukosa choo njiani, na matokeo yake hufika na maumivu ya kichwa. Ndani ya mji tumia bajaji au daladala. Pikipiki kwenye barabara ya mawe siku ya usaili sikushauri, na ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini usiupande kwa miguu kwa kuokoa nauli.

Usiku huo lala mapema. Asubuhi kula chakula ambacho mwili wako umekizoea, uji wa ulezi au ndizi za kuchemsha, angalau saa moja kabla ya kutoka, na usijaribu kitu kipya. Kama kichefuchefu bado kinakusumbua, tafuna kipande kidogo cha tangawizi. Vidonge vya kuongeza damu, kama huwa vinakuchafua tumbo, vimeze baada ya usaili, na visiandamane na chai, hata hii chai yetu nzuri ya Rungwe na Mufindi, kwa sababu chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Katika mkoba weka chupa ya maji, ndizi mbili, karanga kidogo, kitambaa cha mkono na kanga. Foleni ya usaili inaweza kukushikilia mpaka alasiri, na kuna siku hata mama lishe hayuko karibu.

Ukifika, fanya mambo mawili kabla ya yote. La kwanza, uliza choo kilipo na uende, kisha uende tena wanapobaki watu wawili mbele yako. La pili, mtafute anayesimamia wasailiwa umweleze hali yako kwa sentensi moja: kwamba ni mjamzito, kwamba unaomba kiti chenye egemeo, na kama ni mtihani wa kuandika, kwamba unaomba kukaa karibu na mlango. Sijaona msimamizi aliyekataa ombi la namna hiyo lilipoletwa mapema na kwa adabu, lakini nimeona wengi wakishindwa kulitimiza lilipoletwa mtihani ukiwa umeshaanza.

Uchague pia mahali pa kuketi wakati unasubiri. Katika ofisi ile ambayo mwenyekiti alifunga faili langu, nilikaribishwa kwenye sofa la mapokezi, la chini na laini, na kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka nililipenda. Jina langu lilipoitwa nilishindwa kuinuka. Nilijaribu mara ya kwanza nikarudi, nikajaribu mara ya pili, vyeti vikanimwagika sakafuni, na katibu muhtasi akalazimika kunishika mkono huku mlango wa chumba cha usaili ukiwa wazi na wajumbe wakitazama. Niliingia moyo ukinidunda na pumzi zikiwa juu, na swali la kwanza, ambalo lilikuwa jepesi, nililijibu vibaya. Tangu siku hiyo kila mjamzito ninayemwandaa namwambia achague kiti kigumu chenye mikono, hata kama sofa liko wazi, na asimame dakika chache kabla ya zamu yake ili damu itembee na pumzi itulie.

Ndani ya chumba, wasalimie wajumbe kwa jumla, na kama kuna mzee wa kumwamkia shikamoo, mwamkie. Ukihitaji maji katikati ya mahojiano, kunywa. Ukihisi kizunguzungu, sema, "Naomba dakika moja," uvute pumzi, kisha uendelee. Dakika moja ya ukimya haijawahi kumnyima mtu alama katika jopo nililokaa.

Lakini kuna dalili ambazo zikitokea, hakuna usaili: kutokwa damu, kuvuja maji ukeni, maumivu makali ya tumbo, maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono kwa ghafla, degedege, homa kali, au mtoto kupunguza kucheza kuliko kawaida yake. Ukiona mojawapo, nenda kituo cha afya kilicho karibu saa hiyo hiyo, na mtu mwingine apige simu kwenye namba iliyo katika barua ya wito kueleza kwamba uko hospitali. Omba kituo kikupe uthibitisho wa maandishi, kwa kuwa huo ndio utakaoutumia kuomba tarehe nyingine.

Baada ya kutoka

Ukitoka, kabla hujapanda gari, andika katika daftari maswali yote uliyoulizwa, na hasa yale yaliyohusu mimba, ndoa au watoto, kwa maneno yale yale yaliyotumika, pamoja na tarehe, saa na nafasi ya aliyeyasema. Mara nyingi daftari hilo litakusaidia tu kujiandaa kwa usaili unaofuata. Lakini ukiambiwa waziwazi kwamba umekataliwa kwa sababu ya ujauzito, ndilo litakalobeba shauri lako mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ambayo hupokea malalamiko ya aina hii ndani ya siku 60. Mbeya na Iringa zote zina ofisi ya Tume, na kufungua lalamiko hakuhitaji wakili.

Ukipewa kazi, usitie saini siku hiyo hiyo. Nenda na barua nyumbani, isome pamoja na karatasi yako ya tarehe, kisha rudi uzungumze likizo: itaanza lini, utarudi lini, na kama kuna malipo yoyote katika miezi hiyo, na yote mliyokubaliana yaandikwe. Sheria inataka mfanyakazi amjulishe mwajiri nia ya kwenda likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, na aambatanishe cheti cha daktari. Kwa anayeanza kazi tarehe 1 Julai na kujifungua tarehe 20 Septemba, muda wa kutoa taarifa hiyo umeshapita kabla hajaingia ofisini. Kwa hiyo peleka taarifa hiyo siku ile ile unayosaini mkataba, ukiwa na nakala mbili. Moja ibaki kwa mwajiri, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani, ukaiweke pamoja na kadi ya kliniki.